Kuhesabu Kalori kwa Matusi

Wifi yangu alikuwa anapasua ng'ombe. Nasema hivyo mapema asije mtu akadhani namzungumzia mama mpole anayefundisha watu kupunguza kitambi. Kila alfajiri alikuwa machinjioni, mabuti ya mpira mpaka magotini, shoka mkononi, mbele ya mizoga inayoning'inia kwenye ndoano. Anapiga, anapiga tena, uti wa mgongo unafunguka katikati, nusu huku nusu kule, na yeye tayari yuko kwa mwingine. Wanaume aliofanya nao kazi walimwita Shoka, naye akaitika. Jioni alikwenda jimu kufundisha mabondia, na jina likamfuata huko huko.

Mimi ni dada wa marehemu mume wake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema nipendavyo, na yeye alinisema alivyopenda, tukaishi hivyo miaka na miaka bila kuchokana. Kazi yangu ni dobi wa hospitali. Nafua mashuka. Nikitoka kazini nilikuwa napitia pale jimu kuchukua taulo na kaptura zenye damu, maana hakuna mtu pale aliyejua kuitoa damu kwenye kitambaa. Watu wazima na ndevu zao wanamwagia maji ya moto, damu inajipika, halafu wanashangaa doa halitoki. Maji ya baridi, jamani. Nimesema mpaka nimechoka.

Jimu lenyewe lilikuwa ghala la saruji zamani. Vumbi la saruji halikuisha kwenye pembe, ukipiga begi lazima upige chafya. Ulingo ulikuwa na kamba zilizovishwa mpira wa bomba la maji, na turubai lake lilikuwa na viraka nilivyoshona mimi. Hapo ndipo kaka yangu alipokuwa anafanyia mazoezi, na hatua chache tu kutoka hapo, kwenye ukumbi wa mtaa, ndipo alipopigwa akafa.

Nitasema ilivyokuwa, kwa sababu bila hilo hutamwelewa wifi yangu. Kocha wa wakati ule alikuwa na swali moja tu. Kila raundi ikiisha anamwinamia bondia na kumuuliza, uko sawa? Kaka yangu akajibu niko sawa. Jicho limefungwa, niko sawa. Raundi ya mwisho alijibu niko sawa huku jino lake limo kiganjani mwa kocha. Akainuka, akaenda, akapigwa ngumi moja chini ya sikio, akaanguka kifudifudi bila hata kutanguliza mikono. Tulimbeba nyuma ya pikapu, kichwa juu ya mapaja ya mke wake, damu inamtoka sikioni, na hatukufika naye.

Kwa miezi kadhaa wifi hakuwa na maneno mengine ila haya ya mumewe. Alisema yuko sawa. Unampa chai, anakuambia, alisema yuko sawa. Halafu siku moja akaamka, akaoga, akachukua kamba ya kuruka ya marehemu, akaenda mpaka kwa yule kocha. Alimcharaza mlangoni kwake, mbele ya majirani, kwa ile kamba yenye vishikio vya mbao, mpaka shati likamchanika mgongoni na nyama ikaonekana. Wanaume wanne walimvuta hawakumweza. Mimi ningeweza kumtuliza, nilikuwepo. Sikutaka. Kocha alihama, jimu likabaki na kufuli, na wifi akalivunja lile kufuli kwa shoka la kazini akaanza kufundisha.

Sasa hapa ndipo kamba inapoingia. Bondia anaishi kwa mizani. Akizidi uzito hapigani, akipungua sana hana nguvu, kwa hiyo lazima mtu ajue kila siku amechoma kiasi gani ili ajue amlishe kiasi gani. Na hakuna kinachochoma kama kuruka kamba. Wenye vitabu wanasema mtu wa kilo sabini anachoma kati ya kalori kumi na kumi na tano kwa dakika. Haya, ni kumi au ni kumi na tano? Maana ukiruka nusu saa, tofauti hiyo ni sahani nzima ya wali. Na mzito anachoma zaidi ya mwepesi, na anayeruka juu kama anaogopa nyoka anachoma zaidi ya anayetelezesha vidole, na kuna mjanja ambaye nusu ya muda wake anafungua mafundo na kufuta jasho, halafu anakuambia nimeruka nusu saa, Mama Shoka, nipe mayai.

Mmoja wao alinunua saa ya mkononi inayohesabu kalori. Ilikuja kwa mbwembwe, watu wakaizunguka. Mimi nikaiazima, nikaenda nayo kazini, nikafua mashuka ya wodi mbili, na jioni ile saa ikanipongeza kwamba nimeruka kamba asubuhi nzima. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Yeye alikuwa na njia yake. Alizitoa zile kalori kwenye matusi. Mtu anaruka, kamba inalia sakafuni, yeye anasogea mbele yake, mikono kiunoni, na kumwambia, nitukane. Lazima umtukane. Ukiweza kumtukana sentensi nzima, yenye mwanzo na mwisho na mama yake ndani, bado hujachoma kitu, weka nane kwa dakika. Ukikatikia katikati ya tusi ukavuta pumzi ndipo ulimalize, hapo ni kumi na mbili. Ukibaki na neno moja moja, mshenzi, kikongwe, mchawi, basi unachoma kisawasawa, kumi na tano na chenji. Na ukifungua mdomo lisitoke tusi, anakukamata kamba, kazi imekwisha, kakae ule. Alizijumlisha kichwani, akamgeukia mpishi wa jimu akasema, huyu mayai matatu na ndizi, huyu uji tu, huyu kanidanganya mpe maji.

Niliwahi kumuuliza kwa nini matusi, kwa nini wasihesabu moja mbili tatu. Akaniambia hivi:

"Mtu anaweza kusema yuko sawa huku anakufa. Tusi halitoki hivyo, wifi. Tusi linataka pumzi na linataka akili."

Na lilifanya kazi, haki ya Mungu. Mabondia wake walipanda mizani bila wasiwasi. Kulikuwa na kibondia kimoja chembamba, tulikiita Kiroboto, kilikuwa na kipaji cha matusi mpaka watu walikuwa wanakuja kutoka mitaani kusikiliza. Kilimwambia wifi kwamba ng'ombe wa machinjioni wakiuona uso wake wanajichinja wenyewe. Wifi akakijibu, nane, ruka tena. Alikuwa hakasiriki. Lakini usimtukane nje ya kamba. Na usimpige mkeo akajua. Jamaa mmoja alimbamiza mkewe ukutani pale pale mlangoni pa jimu, mke amemletea chakula, chakula chenyewe kimepoa. Wifi alivaa glavu, akamwita ulingoni, akamtandika tumboni mpaka akatapika, akamsubiri amalize kutapika, akamtandika tena. Kisha akamwambia mke aje avae zile glavu. Mke alikataa, akawa analia, na mimi nikapiga deki.

Basi. Binti wa wifi akaolewa na bondia.

Tulimkataza, mama yake na mimi shangazi yake, na ndiyo kwanza akampenda zaidi. Alikuwa mshonaji, ana kibanda chake, na kijana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti upande wa pili wa barabara. Fundi tulimwita tu Fundi. Sitamsema vibaya, sina la kumsema. Mpole, mchapakazi, macho mekundu kwa cheche, anakuona kwa mbali anaweka chini kila alichoshika ili akuamkie vizuri. Ngumi zake zilikuwa nzito ajabu. Alikuwa anafanya mazoezi mahali pengine, na walipooana tu akapata pambano la mkanda, kwa sababu mtu aliyepangwa kupigana na Kifaru alivunjika mkono. Kifaru ndiye alikuwa bingwa. Shida ni kwamba Kifaru alipigana uzito wa chini kuliko wa Fundi, na Fundi alitakiwa ashuke kilo tano kwa majuma machache.

Binti hakulala. Baba yake alibebwa kwenye pikapu yeye akiwa na umri wa kukumbuka. Alimwambia mumewe ataruhusu kwa sharti moja, afundishwe na mama. Akamleta mwenyewe jimu, mkono kwa mkono, mimi nipo nakusanya taulo. Akamwambia mama yake:

"Ninayemwamini ni wewe, si yeye. Nirudishie."

Wifi akasema atamrudisha. Sijawahi kumwona ameogopa machinjioni wala ulingoni, ila siku ile alimpokea yule kijana kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa mwenzie.

Sasa fikiria siku ya kwanza. Fundi anaruka, anaruka vizuri, chini chini, kamba haisikiki. Wifi akasogea, mikono kiunoni, akamwambia nitukane. Kamba ikasimama. Kijana akainamisha macho. Akasema, mama, kwa hilo afadhali unipige. Jimu zima likacheka. Wifi akamwambia jifanye mimi si mama mkwe, jifanye mimi ni mwenye nyumba. Hakuweza. Kiroboto akajitolea kumfundisha tusi dogo dogo la kuanzia, la watoto. Hakuweza. Akajaribu kufungua mdomo, machozi yakamlenga. Mkwe ni mkwe. Na nikuambie ukweli, wifi alifurahi. Mwanamke aliyetukanwa na vijana wa mji mzima kila jioni, hatimaye kapata mmoja asiyeweza.

Wakakubaliana kitu kingine. Kila wifi atakapopita mbele yake, Fundi atamwamkia. Shikamoo, mama. Iwe nzima, iwe wazi. Wifi atasikiliza pumzi iliyomo ndani yake, atahesabu humo humo.

Ikawa hivyo. Fundi anaruka, wifi anapita, shikamoo, mama. Inatoka safi, haina mkwaruzo. Wifi anasema moyoni, huyu bado, weka nane. Chakula kidogo, kamba zaidi. Kesho yake, shikamoo, mama, safi vile vile. Nane. Anapunguziwa wali, anaongezewa muda. Mizani inashuka lakini polepole, mwili unapungua, na mwili uliopungua nao unachoma kidogo kuliko jana, hilo wifi alilijua, kwa hiyo akaongeza kamba tena. Siku za mwisho alimvalisha na makoti mawili ya mvua, jasho likawa linamwagika kwenye viatu, maji akawa anapewa kwa kifuniko cha chupa.

Mimi siyo kocha, lakini nafua mashuka ya wagonjwa, nawaona wenyewe ndani yake. Fundi alikuwa na rangi ya majivu. Midomo imepasuka, mashavu yameingia ndani, mishipa ya shingo inahesabika. Nikamvuta wifi pembeni, nikamwambia huyu mtoto amekauka. Akanijibu kwa hasira, umemsikia anavyoniamkia? Mtu aliyekwisha pumzi anaamkia hivyo? Nikarudi kwenye taulo zangu, maana kweli, sauti ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Asubuhi ya mizani aliingia kwenye uzito sawasawa. Watu wakapiga makofi. Alipokunywa maji alitapika, akanywa tena, akatapika. Wifi akasema ni wasiwasi tu. Binti hakuja. Alisema atabaki kwenye cherehani yake, na tukimaliza tumpigie simu ya habari njema tu, nyingine hataki.

Pambano lilikuwa alasiri, ukumbi umejaa, joto, feni moja. Mimi nilishika ndoo na taulo, wifi alishika kona. Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza Fundi alimpiga Kifaru puani kwa mkono wa kushoto, damu ikaruka mpaka kwenye shati la refa. Ukumbi ukasimama. Akampiga tena pale pale. Kifaru akarudi nyuma akijifuta, nikamwona ameshangaa. Nikasema eheee, leo leo. Raundi ya pili Kifaru aliacha kichwa, akaingia tumboni. Kushoto, kulia, chini ya mbavu, mlio wake unausikia kifuani mwako. Kila pigo Fundi alikuwa anatoa sauti ndogo, na mikono ikaanza kushuka. Raundi ya tatu nyusi ilipasuka. Damu ikamjaa jichoni, Kifaru akawa anapigia upande huo huo asioona, anapiga, anapumzika, anapiga. Fundi akapiga goti moja. Akainuka kabla refa hajamaliza kuhesabu.

Akarudi kona, akaketi. Nikamfuta damu, taulo ikalowa, nikachukua nyingine. Mwili wake ulikuwa umekauka kabisa. Mtu amepigana raundi tatu kwenye joto lile, ngozi yake kavu. Nilimwambia wifi, hana jasho. Wifi akainama mbele yake, akamwangalia lile jicho moja lililobaki, akasubiri.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

Safi. Nzima. Sauti ile ile. Wifi akaguna, akageuka kuniambia yuko vizuri, na mimi nikaona shingo ya wifi imekakamaa. Akarudi kumtazama. Akamuuliza mkeo yuko wapi.

"Shikamoo, mama."

Akamuuliza unapigana na nani. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia kwa sauti ya chini, nikaisikia ikikatika:

"Mwanangu, nitukane. Nakuomba. Neno lolote."

"Shikamoo, mama," akasema Fundi, na akatabasamu, meno yote mekundu.

Hapo wifi alielewa, na mimi nilielewa pamoja naye. Lile amkio halikudai pumzi wala akili. Amkio hilo tunafundishwa kabla hatujajua kutembea vizuri. Mlevi aliyelala mtaroni ukimpita atakuamkia na hajui yuko mji gani. Kijana huyu aliyelelewa vizuri angeliweza kulitoa hata roho ikiwa mlangoni, na siku zote zile alizokuwa analitoa, alikuwa anachoma mpaka nyama ya ndani, na wifi anamhesabia nane.

Kengele ikalia, na Fundi akainuka. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kabla hatujamkamata, maana kengele nayo alikuwa ameizoea. Wifi akarusha taulo ulingoni kusimamisha pambano. Taulo ikaanguka nyuma ya refa, refa haangalii, anawaangalia wao. Kifaru akapiga kulia, kichwa cha Fundi kikageuka. Akapiga kushoto, kikarudi. Fundi hakuanguka, hiyo ndiyo ilikuwa balaa, alisimama tu mikono chini, na Kifaru akawa anampiga kama begi. Watu wanashangilia. Mimi napiga kelele refa geuka, nani ananisikia.

Wifi alipita katikati ya kamba. Mama mtu mzima, sketi yake ya kazini, aliingia ulingoni mbio na kujitupa mbele ya mkwe wake wakati ngumi ya Kifaru imekwisha kuondoka. Ilimpata kwenye mtulinga, kati ya shingo na bega. Nilisikia mfupa ukivunjika kutoka nilipokuwa. Hakurudi nyuma. Alimkumbatia Fundi kwa mkono uliobaki mzima, wakaanguka pamoja, akamlalia juu, akamfunika kichwa kwa kifua chake, na Kifaru akabaki amesimama juu yao na glavu zake hajui azipeleke wapi.

Ukumbi ukazomea. Walitaka damu zaidi, wajinga wale. Chupa zikaanza kuruka, moja ikanipasua paji la uso. Nikaokota ndoo na maji yake ya damu, nikawamwagia safu ya mbele yote, kisha nikawarushia na ndoo yenyewe.

Tulimpeleka hospitali, kwangu kazini, kwa gari la mtu. Sikukaa mbele. Nilikaa nyuma na wifi, kichwa cha Fundi mapajani kwake, na wote wawili tulikuwa tumeshawahi kwenda safari ya namna hiyo.

Huyu alifika. Walimtundikia maji mikono yote miwili. Haja ndogo iliyotoka ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Daktari, mama mmoja mchovu, alisema figo zimegoma lakini huenda zitaamka, na kwamba mwili ulikuwa umeanza kujila wenyewe, na kwamba hata bila ngumi hata moja kijana huyu alikuwa anaelekea kufa. Wifi walimfunga mkono kwa kitambaa shingoni. Alikuwa anatetemeka, nikamtupia sweta langu juu ya mabega, likaufunika ule mkono.

Asubuhi yake Fundi alifumbua jicho, akajua ni wapi, akajua ni nani. Ndipo binti akaingia. Alikuwa ameambiwa na mtu njiani, amekuja mbio na futi ya kupimia bado iko shingoni. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani, ile nyusi iliyoshonwa, ile mirija. Daktari alikuwa bado pale, akauliza, kwa ukali kidogo, ni nani aliyekuwa anamlisha mtu huyu.

Fundi akawahi kujibu. Sauti haikuwepo ila akaitoa. Alisema ni yeye mwenyewe, alikuwa anatupa chakula anachopewa na mama, alikuwa anaruka kamba kwa siri nyumbani, mama hakujua. Alisema hivyo akiangalia dari. Uongo mtupu, na niliona daktari anaukubali, na binti anaukubali, uso wake unalegea. Ungeweza kuishia hapo. Mimi ningeuacha uishie hapo.

"Ananisitiri mimi mkwewe tu," wifi akasema. "Sikumpa chakula mimi. Sikumpa maji mimi. Nilimhesabia vibaya kila siku, na angekufa mikononi mwangu."

Binti alimpiga mama yake kofi.

Namwambia aliyezaa na aliyezaliwa, mimi nimeona watu wakipasuliwa, sijaona kitu kama kile. Kofi la mkono mzima, lililotoka begani. Kichwa cha wifi kikagonga ukuta. Hakujikinga. Binti akawa anatweta, akasema, nilikuambia unirudishie, nilikuambia wewe, mama, na mkono ukainuka tena.

Kitanda kikalia. Fundi alikuwa amesimama. Sijui aliinuka kwa nguvu gani, sindano moja imechomoka na damu inatiririka mpaka kwenye vidole, alisimama katikati yao kwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Kofi la pili likampata yeye kifuani. Alipepesuka, akashika chuma cha kitanda.

"Ukumbi ulikuwa umejaa," alimwambia mke wake. "Wanaume tupu. Aliyeingia ulingoni kunifunika ni huyu."

Halafu miguu ikamwisha, nikamdaka mimi na daktari, tukamrudisha kitandani. Katika purukushani hiyo sweta likaanguka. Binti akauona mkono wa mama yake uliofungwa, na uvimbe wa mtulinga umepanda mpaka shingoni, wa rangi ya zambarau. Kile kitambaa kilikuwa kimelegea kwa sababu ya lile kofi, mkono unaning'inia vibaya.

Hakuomba radhi. Alisimama hapo machozi yanamtoka na pua inamtoka, hasira bado imemjaa tele. Kisha akamwambia mama yake akae. Wifi akakaa kwenye kiti cha wageni. Binti akapiga magoti mbele yake, akafungua kile kitambaa, akaupanga mkono upya, na kwa vidole vyake vya mshonaji akakifunga tena shingoni. Alikaza lile fundo kuliko lilivyohitaji, nilimwona, alikaza kwa makusudi, na wifi yangu akauma meno akamwachia akaze.